Usimpige Mwenzako Muhuri

Maoni ya leo yanahusu namna tunavyosemezana kazini. Katika semina nyingi za wafanyakazi siku hizi hakikosekani kipindi kimoja kuhusu tabia za watu. Washiriki hujaza karatasi ya maswali, kisha kila mmoja anaambiwa yuko kundi gani: mkali anayependa amri, mchangamfu anayependa watu, mtulivu anayependa amani, au makini anayependa hesabu. Baada ya hapo wanafundishwa kwamba mkali aambiwe kwa ufupi, mtulivu aambiwe kwa upole, na makini apewe takwimu. Nia ya mafunzo hayo ni njema, maana ofisi nyingi zinaharibikiwa na maneno kuliko na kazi yenyewe. Nakubali kwamba tunapaswa kubadili usemi wetu kulingana na aliye mbele yetu. Ninachokataa ni kuanza kwa kumpa mtu jina la kundi. Tuanze kwa kuitazama hali anayofanyia kazi, na mzigo wa kujirekebisha aubebe kwanza yule mwenye mamlaka.

Makundi hayo yana historia yake. Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani, William Moulton Marston, alichapisha kitabu kuhusu hisia za watu wa kawaida, na humo alieleza mielekeo minne ya tabia. Yeye mwenyewe hakutunga mtihani wa kuwapanga wafanyakazi. Kazi hiyo ilifanywa na wengine baadaye. Mtihani mwingine maarufu, unaowagawa watu katika makundi 16, ulitungwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers, waliochota mawazo ya Carl Jung ya mwaka 1921. Mwaka 1991 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani liliuchunguza mtihani huo wa pili, likasema ushahidi hautoshi kuutumia kuwashauri watu kuhusu kazi zao. Watu wengi wakiurudia baada ya wiki chache tu hujikuta katika kundi jingine. Mbona basi tukisomewa majibu tunaona kama tumesemwa sisi hasa? Mwaka 1948 mwalimu wa chuo aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake mtihani wa tabia, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo yake. Aliwaomba wapime usahihi wa maelezo hayo kuanzia sifuri hadi tano, na wastani ukazidi nne. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale.

Ushahidi mwingine unaotuhusu zaidi ulipatikana Princeton, Marekani, na ukachapishwa mwaka 1973. John Darley na Daniel Batson waliwatuma wanafunzi wa theolojia kwenda jengo la pili kutoa hotuba, wengine wakiwa wametayarisha hotuba juu ya Msamaria mwema. Njiani walimweka mtu aliyejikunyata mlangoni, anakohoa na kuguna. Wanafunzi walikuwa wameshajaza maswali kuhusu tabia na imani yao, lakini majibu yale hayakusaidia kubashiri nani angesimama. Kilichobashiri ni haraka. Kati ya walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walitoa msaada. Kati ya walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10 tu.

Sasa twende kwenye kaunta ya kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, kati ya Kenya na Uganda, kilichozinduliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018. Utaratibu wake ni kwamba msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, na maafisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja. Chukua wakala wa forodha anayerudishiwa karatasi mara ya pili. Afisa hainui macho, anasema, "Karekebishe." Hataji ni mstari gani. Wakala anatoka akinung'unika kwamba huyu mkubwa anaringa. Afisa naye anabaki akisema huyu wakala ni mzembe. Kila mmoja ameshampiga mwenzake muhuri, na hakuna aliyeitazama foleni ya malori nje, mtandao uliokwama tangu asubuhi, wala zamu ambayo haijapata wa kuipokea. Sentensi moja ingetosha: "Uzito ulioandika hapa haulingani na wa kwenye ankara." Haihitaji afisa ajue kama wakala ni mkali au mtulivu. Inahitaji ajue kwamba mwenzake haoni kile anachokiona yeye kwenye kompyuta.

Sisi wa mpakani tuna sababu ya ziada ya kuogopa mihuri ya namna hii, kwa kuwa tunayo mingi tayari. Husemwa Mkenya ana haraka na hana salamu. Husemwa Mganda ana salamu ndefu na hana haraka. Hata ndani ya Tororo, upande wa Uganda, Mjopadhola na Mteso kila mmoja ana lake la kusema juu ya mwenzake. Lakini Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na Wasamia vilevile, kila kabila likiwa ni ndugu waliotenganishwa na mstari wa wakoloni. Wakiajiriwa katika ofisi tofauti, kila mmoja huzungumza kama ofisi yake inavyozungumza. Damu ni moja, semi za kazini ni mbili. Hilo linatuonyesha kwamba mengi tunayoyaita tabia ya mtu ni desturi ya mahali alipofundishwa kazi. Semina inayotupa makundi mengine manne ya kuwagawia watu inatuongezea ugonjwa tulio nao.

Mtu atanijibu kwamba watu kweli hawafanani, na atakuwa amesema haki. Wapo wanaofikiri wakisema, na wapo wanaotaka kufikiri kwanza ndipo waseme. Utafiti wa miaka mingi wa wanasaikolojia umethibitisha kwamba tofauti za tabia zipo na hudumu. Lakini utafiti huo huo unaonyesha kwamba ni tofauti za kiwango: watu wengi wako katikati, na mstari wa kusema huyu ni wa kundi hili na yule wa lile haupo. Kwa hiyo dawa yake ni kupanga kazi ili kila mtu apate njia ya kusema. Ajenda itolewe siku moja kabla, na anayependa kuandika aruhusiwe kuandika. Kwenye kikao wadogo waanze kusema na mkuu amalizie, maana mkuu akishasema, wengi watarudia aliyoyasema.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Anayenyamaza mbele ya mkubwa mara nyingi si mkimya. Ukimkuta sokoni jioni utashangaa. Fikiria kituo cha afya kijijini, siku mkuu wa kituo anapowaeleza wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, fomu mpya ya ripoti ya malaria. Anamaliza kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Wote wanaitikia ndiyo. Mwisho wa mwezi nusu ya ripoti zina makosa, naye anaamua kwamba watu hawa ni wazito. Laiti angesema, "Kabla hujaondoka, nijazie mstari huu nione kama nimeeleza vizuri," makosa yangeonekana siku ile ile, na lawama ya kutoeleweka angeibeba yeye mwenye cheo. Hawa ni wanakijiji wanaojitolea bila mshahara. Kuwataka wao ndio wajasiri kwanza ni kuwaonea.

Kuhusu kumpa kila mtu nafasi ya kusema, tunao mfano mkubwa hapa Afrika Mashariki. Hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, na matokeo yalichapishwa Januari 2009. Orodha hiyo ina vipengele 19, na kimojawapo kinataka kila aliye chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla mgonjwa hajapasuliwa. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sisemi kujitambulisha peke yake ndiko kulikookoa watu. Orodha ina dawa na vipimo pia. Nasema waliotunga orodha hawakuuliza nani mchangamfu na nani mpole. Walimpa kila mmoja zamu ya kufungua kinywa.

Wengine watasema kubadili usemi kwa kila mtu ni unafiki. Ungekuwa unafiki kama yanayobadilika yangekuwa mambo ya msingi. Ushuru unabaki ule ule, sheria inabaki ile ile, na kosa linaitwa kosa. Kinachobadilika ni lugha, mwendo na mahali: mama anayevusha maharagwe aelezwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na mfanyakazi aliyekosea aambiwe faraghani. Wengine watalalamika kwamba foleni hairuhusu muda huo. Lakini wakala anayerudi dirishani mara tatu kwa kosa moja ndiye anayeirefusha foleni. Na wale wanaohofu kwamba mkuu atapoteza heshima akiwauliza wadogo wakumbuke kwamba heshima si utumwa. Mkuu anayeambiwa ukweli mapema ana nguvu kuliko anayeitikiwa ndiyo mpaka mambo yaharibike.

Ombi langu kwa wakuu wa ofisi, vituo vya afya, shule na vyama vya akiba, kuanzia Tororo hadi Busia, ni hili. Kabla ya kulipia semina nyingine ya makundi ya tabia, mkalisheni kila mfanyakazi mmuulize maswali mawili: maagizo yangu yapi hayakuwa wazi mwezi huu, na ungependa nikueleze kwa njia gani? Yaandikeni majibu, na mwezi unaofuata mbadilishe angalau jambo moja ambalo kila mtu ataliona. Kuuliza hakugharimu shilingi ya Kenya wala ya Uganda, na wafanyakazi watakaoona wamesikilizwa watawaambia na yale ambayo hamkuuliza.