Pumzi ya Rotari: Urefu wa Bomba la Hewa katika Ndege za Kujiundia

Neno “rotari” lina mtego wake kwa wapenda ndege. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ndege nyingi zilirushwa na injini za Gnome na Le Rhône, ambazo silinda zake zenyewe zilizunguka pamoja na propela. Mada hii haihusu hizo. Inahusu injini ya Wankel, iliyounguruma kwa mara ya kwanza katika kiwanda cha NSU, Ujerumani, Februari 1957. Haina pistoni wala vali. Ina rota yenye pande tatu inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la kukaribia namba nane. Mazda ya Japani ndiyo iliyoilea kuliko kampuni nyingine yoyote, na injini yake ya 13B, yenye rota mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 1,308, ndiyo ambayo waundaji wa ndege huko Marekani huitoa kwenye magari ya RX-7 na kuifunga kwenye ndege za kujiundia kama Long-EZ, au zile za RV zinazouzwa vipande vipande ili mnunuzi aziunge mwenyewe.

Wanaipenda kwa sababu vipuri vinavyotembea ni vichache. Tatizo huanza pale inapobidi kuipa pumzi.

Bomba la kuingizia hewa lililokuja na gari mara nyingi halienei chini ya boneti ya ndege, hivyo fundi hulazimika kuchomelea lake la alumini. Wengi hulipinda kufuata nafasi iliyopo, wakaridhika hewa inapita. Kupita inapita, lakini hewa iliyo ndani ya bomba haitiririki kama maji ya mferejini. Inapigapiga, huku mawimbi ya msukumo yakienda na kurudi kwa kasi ya sauti. Mpiga zumari analijua hilo kwa vidole vyake: badili urefu wa hewa inayotetema, na sauti inabadilika.

Katika rotari mapigo hayo ni makali, kwa kuwa tundu la hewa hufunguliwa na kufungwa na ubavu wa rota yenyewe. Tundu linapofunguka, mabaki ya moshi yenye msukumo hutoka kinyumenyume bila hodi na kutuma wimbi juu ya bomba. Wahandisi wa Mazda waliona katika kero hiyo faida. Kwa kuwa rota mbili za 13B zimepishana nusu mzunguko, wimbi lililoanzia kwa rota moja linaweza kupitishwa hadi kwenye tundu la rota ya pili, likafika tundu hilo likikaribia kufungwa. Ni kama abiria wa mwisho wa daladala anayewasukuma wenzake ndani konda akiwa tayari ameshika mlango: gari limejaa, lakini limepata mmoja zaidi.

Hesabu yake inatosha nyuma ya bahasha. Chukua injini ambayo tundu lake hufunguka digrii 32 baada ya chumba kuwa kidogo kabisa, na kufungwa digrii 50 baada ya chumba kuwa kikubwa kabisa. Ukizingatia ile nusu mzunguko ya kupishana, kutoka kufunguka kwa tundu la rota ya kwanza hadi kufungwa kwa lile la pili, shafti kuu huzunguka digrii 108. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, hizo ni milisekunde 3. Kasi ya sauti ikiwa mita 340 kwa sekunde, wimbi litakuwa limesafiri mita 1.02. Huo ndio urefu wa kuanzia, kutoka tundu hadi tundu, na sehemu ya njia iliyomo ndani ya injini nayo huhesabiwa. Wimbi hupanda bomba moja likipingana na mkondo, kisha hushuka la pili likifuatana nao, kwa hiyo kosa la kuupuuza mkondo kwa sehemu kubwa hujifuta lenyewe. Kinachoua mpango ni kuweka tangi kubwa la hewa kwenye makutano, kwani wimbi likifika humo hutawanyika.

Hapa mwenye ndege ana bahati kuliko mwenye gari. Gari huamka polepole, hukimbia, husimama kwenye taa. Ndiyo maana Mazda 787B, iliyoshinda Le Mans Juni 1991, ilikuwa na mabomba ya hewa yaliyorefuka na kufupika injini ikiwa inafanya kazi. Ndege hupanda na kusafiri ndani ya ukanda mwembamba wa mizunguko, na bomba moja lisilobadilika, likikatwa vizuri, linatosha. Mitambo ya kurefusha mabomba angani ni uzito na kitu kingine cha kuharibika.

Lakini ukanda upi? Giaboksi ndiyo inayoamua. Kwa uwiano wa 2.17, injini ikizunguka mara 6,000, propela huzunguka karibu mara 2,765. Kwa uwiano wa 2.85, injini inaweza kwenda 7,000 na propela ikabaki chini ya 2,460, na hapo bomba linalofaa ni la sentimita 87. Anayechomelea bomba kabla ya kuchagua giaboksi atachomelea mara mbili. Baridi ya juu nayo ina neno lake: kwenye mita 3,000, katika hali ya hewa ya kawaida, kasi ya sauti hushuka hadi karibu mita 329, na bomba la 6,000 linakuwa la 5,800.

Kupima hakuhitaji maabara. Propela yenye pembe isiyobadilika ni mizani tosha, kwa kuwa nguvu inayoimeza hupanda kwa mchemraba wa mizunguko: ongezeko la asilimia 2 kwenye kipima mizunguko ni karibu asilimia 6 ya nguvu. Fundi hufunga ndege imara, hufungua mafuta yote, huandika mizunguko, joto na kanieneo ya hewa, kisha hukata bomba na kurudia.

Kipimo hicho cha chini kimewapoteza wengi. Ndege iliyosimama huibana propela, na injini inaweza kukwama kwenye 5,200, ambako urefu bora ni kama mita 1.18. Fundi anayeamini mizani ya uwanjani peke yake atarefusha bomba, afurahie namba, kisha ashangae ndege ikidorora inaposhika mwendo. Uamuzi ni wa angani: kimo kilekile, mafuta yote, ndege ikiwa imetulia mlalo. Kwa bahati, kanuni za Marekani kwa kawaida huipa ndege ya namna hii, yenye injini isiyo na cheti cha anga, saa 40 za majaribio kabla ya kubeba abiria, na sentimita 2.5 zikikatwa kila upande wa bomba la mita 1.02, kilele cha nguvu husogea kwa mizunguko kama 300.