Wanaosubiri Kuitwa



Msikilizaji wetu mmoja wa Tabora ameniandikia barua ya kurasa mbili. Ukurasa mmoja na nusu ni salamu, nami nimezipokea zote. Nusu iliyobaki ni swali. Amesikia kwamba huku Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kila wakati wa kiangazi mimi hubeba kamera na kwenda kuwapiga picha vijana wa besiboli ambao hawajafika ligi kuu, na ambao wengi wao hawatafika. Anauliza: "Ndugu yangu, kwa nini usiwapige picha walio mashuhuri ukaziuza? Hawa wengine watakufaa nini?"

Swali ni la haki, na leo nitalijibu. Lakini kwanza tuelewane juu ya mchenyewe mchezo. Besiboli si mgeni kabisa kwetu. Pale Azania Sekondari, Dar es Salaam, upo uwanja wake uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Mrushaji anarusha mpira mdogo mgumu, mpigaji anaungoja na gongo mkononi (sisemi lile la chupa, nasema la mti), na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, amejifunga mapande ya kujikinga kama askari wa zamani. Mpigaji akiupiga, anakimbia. Mengine mtajifunza mkiutazama.

Nyumbani timu ndiyo inayopanda daraja. Timu ya mkoa ikifanya vizuri inapanda, ikiboronga inashuka, na wachezaji wanapanda na kushuka nayo. Huku sivyo. Timu ya ligi ndogo haipandi wala haishuki hata ishinde michezo yote. Anayepanda ni mchezaji mmoja mmoja. Klabu kubwa ziko 30, na kila moja ina watoto wanne, yaani timu nne katika miji midogo, moja kwa kila daraja. Madaraja huitwa kwa herufi A: chini ipo A moja, kisha A ya juu, kisha A mbili, na juu kabisa A tatu. Jumla timu 120. Chini ya hapo kuna vituo vya mafunzo Florida na Arizona, na vingine Jamhuri ya Dominika, ambako klabu husajili vijana wa nje tangu wakiwa na umri wa miaka 16. Hapa kwetu Columbus tuna A tatu, timu ya Clippers, ambayo tangu 2009 ni mtoto wa klabu ya Cleveland. Kwa hiyo kijana anayecheza hapa yuko mlangoni kabisa. Amebakiza kugonga tu. Wapo waliogonga mlango huo miaka sita.

Atakayedhani kwamba hawa ni watu wa mchangani na amkumbuke Michael Jordan. Mwaka 1994, akiwa ndiye mcheza kikapu mkubwa kuliko wote duniani, aliamua kujaribu besiboli, akapelekwa Birmingham, Alabama, katika daraja la A mbili. Alicheza michezo 127. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .202, maana yake katika kila mipira kumi aliyohesabiwa alifaulu mara mbili tu, na mipira iliyovuka ukuta ilikuwa mitatu. Mtu yule aliyekuwa akiruka kama ana mbawa! Alijitahidi sana, hata waliomfundisha walikiri, lakini vijana ambao hakuna aliyewajua jina walimshinda kila jioni. Mpira wa mrushaji mzuri hutoka mkononi kwa kasi ya kilomita 150 na zaidi kwa saa, na umbali ni mita 18 na kidogo. Mpigaji ana sehemu nne za kumi za sekunde: auone, aamue, azungushe gongo. Gongo na mpira vikikutana, hugusana kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Ndiyo sababu mpiga picha huupenda mchezo huu na kuulaani. Naweka kamera yangu katika kasi ya sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, na bado mara nyingi mpira umekwisha toka kwenye picha. Huwezi kuusubiri uuone ndipo ubonyeze, ukiuona umechelewa. Unabonyeza kwa imani. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia nakaa upande wa kituo cha kwanza, kwa sababu ndiko anakoelekeza kifua na uso, na kwa mpigaji wa kushoto nahamia upande wa pili. Nyavu za kuwakinga watazamaji miaka hii zimerefushwa, na wenzangu wengi wananung'unika. Mimi nimejifunza kuisogeza lenzi hadi ikaribie kugusa wavu na kuifungua tundu lake kabisa. Hapo wavu unayeyuka, hauonekani. Katika ligi kuu asiye na kitambulisho cha gazeti hasogei huko mbele. Huku kwetu naketi safu ya kwanza kwa bei ya chakula cha mchana. Mchezo unaanza saa moja jioni, na mwezi Juni jua la Ohio huzama karibu saa tatu usiku. Ninyi mlio karibu na ikweta hamna mwanga wa namna hiyo: saa mbili nzima jua limelala ubavuni, na nyuso za vijana zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi.

Tangu 2021 ratiba imekuwa rafiki yangu. Timu ngeni inakuja Jumanne na kukaa hadi Jumapili, michezo sita, Jumatatu ni mapumziko na safari. Kwa siku sita nawajua wageni: nani anaimba akipasha misuli, nani anaandika daftarini kila anaposhindwa, nani hazungumzi na mtu kwa sababu hajui Kiingereza.

Miongoni mwa wageni hao, mwaka 2016, alikuwamo Gift Ngoepe. Alichezea Indianapolis, A tatu ya klabu ya Pittsburgh Pirates. Alizaliwa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mtumishi katika jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, nao waliishi katika chumba humo humo, basi mtoto akakua akiutazama mchezo kama watoto wa Kariakoo wanavyoutazama mpira. Pirates walimsajili 2008. Alikuwa mlinzi hodari wa kati, mikono yake kama ya mtu anayeokota vitu vyake mwenyewe, lakini gongo lilimsumbua. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine misimu minane. Mama alifariki 2013. Watu waliofuata orodha za chipukizi bora, na orodha hizo hapa huuzwa na kubishaniwa kama matokeo ya Simba na Yanga, walikwisha mpita. Nikampiga picha nyingi, na majirani zangu safuni wakaniuliza huyo ni nani. Tarehe 26 Aprili 2017 akaitwa Pittsburgh. Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kucheza ligi kuu ya besiboli. Mara yake ya kwanza kushika gongo, mbele ya mrushaji mkubwa Jon Lester wa Chicago, aliupiga mpira ukapita katikati, akafika kituo cha kwanza. Alicheza ligi kuu michezo 41 tu maishani mwake, msimu huo na uliofuata. Wako wanaosema 41 ni michache. Mimi nawaomba wahesabu ya kwao.

Sasa nirudi kwa ndugu wa Tabora na habari ya kuuza. Picha za chipukizi wakubwa zinauzika, hilo kweli. Nilikuwa Dayton, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka hapa, mwanzoni mwa msimu wa 2022, alipokuwapo Elly De La Cruz, kijana mrefu wa Jamhuri ya Dominika aliyesajiliwa 2018 kwa dola 65,000. Dayton ni mji wenye wazimu wa besiboli. Mwaka 2011 timu yao ilivunja rekodi ya michezo ya Marekani kwa kumaliza tiketi mara 815 mfululizo, nao ni A ya juu tu, si hata A mbili. Siku ile wapiga picha tulibanana kama abiria wa daladala. Kila kijana alipotoka benchi lenzi zilishuka, De La Cruz alipotoka lenzi zote zikainuka pamoja. Tarehe 6 Juni 2023 alikuwa Cincinnati, ligi kuu, na leo picha zake ziko kila mahali. Yangu haiongezi chochote.

Lakini yuko kijana mwingine, mrushaji wa akiba, ambaye simtaji jina wala timu. Alikuwa na miaka 26, umri ambao huku chipukizi huanza kuitwa mzee. Jumatatu moja aliitwa ofisini, akatemwa. Baada ya mwezi alinitumia ujumbe. Alikuwa amesikia kuwa yule Mwafrika wa safu ya kwanza hupiga kila mtu. Hakutaka picha akirusha. Alitaka ile ambayo wamekaa watano kwenye benchi la warushaji wa akiba, wanatafuna mbegu za alizeti, yeye wa pili kutoka kushoto. "Wawili kati ya hao wako ligi kuu sasa," aliniandikia. "Nikisimulia, watu waone nilikaa na nani." Nimeambiwa sasa ni fundi bomba pamoja na baba yake. Picha hiyo sikumwuzia, ingawa alitaka kulipa.

Msidhani vijana hawa walikuwa wakila raha huku wakisubiri. Mwaka 2023 Paul Skenes alichaguliwa wa kwanza kabisa, akapewa dola milioni 9.2 kwa kutia saini tu. Hao ndio mnaowasoma. Wa A moja, kabla ya mwaka huo, alipata kiasi cha dola 11,000 kwa mwaka, na wa A tatu dola 17,500, katika nchi ambayo kodi ya chumba peke yake inazimeza. Walilala wanne na watano katika nyumba moja, magodoro sakafuni. Baraza la Kongresi lilikuwa limepitisha sheria mwaka 2018 iliyowaondoa katika ulinzi wa kawaida wa mishahara ya kima cha chini na malipo ya saa za ziada, na sheria hiyo ikapewa jina la kuuokoa mchezo wa taifa. Kuuokoa! Septemba 2022 wakajiunga na chama cha wachezaji wa ligi kuu, na Machi 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza, wa miaka 5: A moja ikawa dola 26,200, A tatu 35,800. Nilifurahi. Lakini klabu nazo hazikulala. Katika mkataba huo huo, idadi ya wachezaji ambao kila klabu inaweza kuwashikilia ndani ya Marekani ilishushwa kutoka 180 hadi 165 kuanzia 2024. Mshahara umepanda, viti vimepungua.

Na miji pia imepungua. Mwaka 2020, wa korona, ligi ndogo haikuchezwa hata siku moja, na msimu uliofuata timu zilizokuwa 160 zikabaki 120. Mji wa Niles, kaskazini mashariki ya Ohio, ulikuwa na timu yake ya Scrappers tangu 1999, mwaka ambao CC Sabathia, aliyeingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa 2025, alirushia pale akiwa bado mtoto mnene wa miaka 18. Timu hiyo ikaondolewa katika ukoo wa klabu kubwa. Mpira bado unachezwa pale, ligi ya wanafunzi wanaosubiri kuchaguliwa, ila uzi wa kufikia ligi kuu umekatwa. Kwa wahasibu wa New York hesabu imekaa sawa. Wazee wa Niles wana maneno mengine, siwezi kuyasema redioni.

Nilitaka kumalizia na jambo linalotuhusu karibu. Majirani zetu Waganda wamekwisha ingia katika mlango huu. Watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, mwaka mmoja baada ya wenzao wa Kampala kufuzu na kunyimwa viza. Mwaka 2015 Waganda wakawafunga watoto wa Jamhuri ya Dominika, jambo ambalo ni kama Zanzibar kuifunga Brazili. Na mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ikawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Wasaka vipaji sasa wanaijua njia ya Entebbe, na hawatakosa kuiona ya Dar es Salaam na Nairobi.

Basi wazazi na viongozi wa michezo wasikilize. Vijana wa nje mara nyingi huanzia Jamhuri ya Dominika, na mkataba wa 2023 niliousema haukuwagusa wachezaji wa huko. Vijana wa Kimarekani wanaochaguliwa huweza kuandikiwa katika mkataba wao fedha za chuo, zitakazowangoja wakitemwa. Mzazi wa Mpigi au wa Temeke akiletewa karatasi aulize hilo kabla ya kuuliza kiasi cha pesa za saini. Aulize pia nani atalipa nauli ya kumrudisha mtoto, na lini. Aulize kwa maandishi, na jibu alipate kwa maandishi.

Msimu wa A tatu huanza mwishoni mwa Machi, kungali na baridi ya kukata vidole. Mimi nitakuwa safu ya kwanza, upande wa kituo cha kwanza, na glavu zilizokatwa ncha ili kidole kifike kwenye kitufe. Juma lijalo, panapo majaliwa, nitazungumza juu ya bei ya mbolea. Kwaherini.