Nusu Siku Mlimani Elgon: Njia Nyepesi, Masharti Manne

Haya ni maelezo ya mwelekezi wa matembezi kwa wakaazi wa Kaunti ya Trans Nzoia waliojiandikisha kuingia Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon kwa mara ya kwanza. Yanachapishwa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika kikaoni.

 

Naomba nianze na swali. Inueni mkono wale ambao mkitoka nje asubuhi mnauona Mlima Elgon. Naam, karibu ukumbi mzima. Sasa aache mkono juu yule aliyewahi kuingia mbugani kwa lango la Chorlim. Imebaki mikono minne, na mmoja ni wa dereva wetu.

Sisemi hivyo kuwaaibisha. Mimi mwenyewe nililima mahindi chini ya mlima huu miaka mingi kabla sijaingia. Nilidhani mbuga ni ya wazungu wenye kamera. Lango la Chorlim liko chini ya kilomita 30 kutoka mjini Kitale, lakini kwangu lilikuwa mbali kuliko Nairobi.

Mzee mmoja ameniuliza hapo nje, "Kijana, kwa nini nilipe kwenda kuona mlima ambao nauona bure nikiwa shambani?" Mzee wangu, nimekuahidi jibu, na nitalitoa kabla hatujafunga kikao. Kwanza niwaambie tunakoenda na masharti yake.

Mbuga yetu ilitangazwa mwaka wa 1968. Ina ukubwa wa kilomita mraba 169 upande wa Kenya. Mlima wenyewe ni volkeno iliyozimika zamani sana, na mpaka wa Kenya na Uganda unapita juu yake. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321. Upande wetu kuna Koitobos, mita 4,222. Msishtuke, huko hatufiki. Wanaopanda vileleni hulala mlimani. Sisi tunatembea nusu siku katika msitu wa chini, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, na saa ya chakula cha mchana tunakuwa langoni tukirudi.

Njia ni nyepesi. Gari litatupeleka ndani hadi karibu na mapango, kisha tutashika njia ya miguu inayopita msituni. Mama aliyezoea kupanda kutoka mtoni na mtungi wa maji hatapata tabu. Watoto wa shule ya msingi wanaiweza. Tutapita chini ya podo, mitarakwa na ile miti mikubwa ambayo watu wa mbao huiita teki ya Elgon. Juu yake mtawaona mbega, wale nyani weusi wenye mabega meupe na mkia mrefu kama usinga. Chini mtamwona pongo akiwatazama, na nyayo za nyati kwenye matope.

Tutalifikia pango la Makingeni, ambalo maji huanguka mbele ya mdomo wake, na pango la Kitum, lililoingia kama mita 200 ndani ya mlima. Hilo la Kitum ndilo limeutangaza mlima huu duniani, kwa sababu ya tembo.

Sikilizeni jambo hili, kwa maana watu wengi hawaliamini mpaka walione. Mvua nyingi ya mlimani huosha chumvi kutoka ardhini, kwa hiyo majani ya huku hayana chumvi ya kumtosha mnyama mkubwa. Lakini ndani ya mapango mwamba una chumvi. Tembo huingia usiku, wakipapasa njia kwa mkonga kwenye giza totoro, mama mbele na mtoto nyuma. Wakifika ukutani huchimba mwamba kwa pembe, huusaga kwa magego na kumeza. Alama za pembe zimejaa kwenye kuta. Nyati na pongo nao huenda kulamba. Wazee wa Kisabaot walio hapa wanajua zaidi yangu, maana watu wao waliishi katika mapango haya pamoja na ng'ombe. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti, aliwakuta watu mapangoni mwaka wa 1883 na akaandika habari zao. Mwamba huohuo wa chumvi watu waliuchukua kulambisha mifugo.

Basi hayo ndiyo mazuri. Sasa masharti, nayo ni manne.

La kwanza: hakuna anayetembea bila askari wa wanyamapori. Askari wa KWS atakuwa mbele na bunduki yake, mimi nitakuwa nyuma. Katikati mnakaa nyinyi, mstari mmoja, mkizungumza kwa sauti ya chini. Mnyama anayetutia wasiwasi zaidi ni nyati aliyelala kichakani peke yake. Ukimwona, simama. Usipige kelele, usikimbie, usitoe simu kupiga picha. Msubiri askari aseme. Na ukitaka kwenda haja, usijitenge kimyakimya. Niambie, tutasimama wote. Hilo si jambo la kuonea haya. Jambo la haya ni kutafutwa.

La pili: kwenye pango la Kitum tutaishia mdomoni. Najua hapa ndipo mtaninung'unikia, kwa hiyo naomba dakika chache.

Mwaka wa 1980 mwanamume mmoja kutoka Ufaransa aliyekuwa akifanya kazi huku magharibi mwa Kenya aliingia Kitum. Siku chache baadaye aliugua homa kali, akatokwa damu, akafariki Nairobi. Daktari aliyemhudumia akaambukizwa, ila yeye alipona. Mwaka wa 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark aliingia pango hilohilo, akaugua vivyo hivyo na kufariki. Ugonjwa huo unaitwa Marburg. Wanasayansi baadaye walithibitisha kwamba virusi vyake hukaa ndani ya popo wala matunda, wale wanaoishi mapangoni kwa maelfu, na popo mwenyewe haugui. Na msidhani ni hadithi ya zamani tu. Mwaka wa 2017 ugonjwa huu ulitokea upande wa pili wa mlima huu, wilaya ya Kween nchini Uganda. Mgonjwa aliyetambuliwa kuwa wa kwanza alikuwa mwindaji aliyeishi karibu na pango lenye popo. Watu watatu waliugua, wote watatu wakafariki.

Nawaambia haya ili mwende kwa akili. Watu wengi sana wameingia Kitum wakatoka salama. Lakini hakuna anayeweza kukuambia siku ipi ni salama na ipi siyo, na kwa ugonjwa ambao hauna chanjo iliyoidhinishwa, mimi sitaki kukisia na watoto wa watu. Ukiwa mdomoni utaona ukubwa wa pango na utahisi ubaridi unaotoka ndani. Hiyo inatosha.

Kwa hiyo: usiguse popo, hai au mfu. Usikalie wala kushika mwamba wenye kinyesi cha popo. Usile chochote karibu na pango, na usiokote tunda lililoanguka pale, maana huenda popo amelitafuna. Tutanawa mikono kwa sabuni kabla ya kufungua chakula. Na ikiwa mtu atapata homa ndani ya siku 21 baada ya matembezi, aende hospitali mara moja, na neno la kwanza amwambie daktari ni kwamba alikuwa karibu na mapango ya Elgon. Yaelekea itakuwa malaria. Lakini mwambie.

La tatu: tunaondoka mapema. Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na nataka tuwe langoni saa moja. Mlima huu hupenda kunyesha mchana. Nitawapa kisa changu. Mwaka mmoja nilikuwa na kikundi kilichochelewa, huyu hajapata chai, yule anangoja mwenzake. Nikashindwa kusema hapana. Tulianza kutembea saa tano. Saa saba mvua ikatushika, njia ikawa utelezi mtupu, mama mmoja akateguka kifundo cha mguu. Tulimbeba kwa zamu mpaka kwenye gari, wote tukitetemeka kwa baridi. Kosa halikuwa la mvua wala la yule mama. Lilikuwa langu. Tangu hapo, saa ikifika, gari linaondoka.

Vaa viatu vyenye meno, hata gambuti ni sawa. Sandali zibaki nyumbani. Beba sweta, koti la mvua, maji yasiyopungua lita moja, na chakula kidogo kisicho na harufu kali. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, si ndani ya gari. Mwenye shinikizo la damu, mjamzito, au aliyetoka kuugua, anione leo tukimaliza kikao. Sitamtangaza mtu. Nataka tu nijue mwendo wa kwenda. Kule juu hewa ni nyepesi kuliko hapa, na atakayehisi kichwa kuuma au pumzi kukata aseme mapema, tupumzike.

Mje na vitambulisho, kwa sababu ada ya Mkenya si sawa na ya mgeni kutoka nje. Langoni hawapokei pesa taslimu. Malipo hufanywa kwa eCitizen, kwa hiyo lipeni kabla ya kutoka nyumbani, kwa kuwa simu huko haishiki kila mahali. Asiyejua kulipa kwa simu abaki hapa, vijana wetu watamsaidia bila malipo.

La nne: tunachoingia nacho tunatoka nacho, na tunachokikuta tunakiacha. Karatasi ya biskuti, chupa, ganda la ndizi, vyote virudi kwenye mfuko wako. Usimpe mbega chakula. Akizoea mkono wa binadamu, kesho atamnyang'anya mtoto. Usibanjue jiwe la pango. Na msituni hakuna sigara wala kiberiti. Wakati wa kiangazi moto hupanda mlima haraka kuliko mtu anavyoweza kukimbia.

Sasa nirudi kwa mzee wangu na swali lake.

Mzee, unapouona mlima kutoka shambani unaona umbo tu. Ukisimama chini ya miti ile utakanyaga majani makavu, na chini ya majani utakuta udongo mweusi uliolowa kama sifongo, hata kama hapa chini hajanyesha wiki mbili. Pale ndipo maji yako yanapowekwa. Elgon ni mmoja wa minara mitano mikuu ya maji nchini, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Cherangani. Mto Koitobos na mto Sabwani huteremka kutoka huko, hupita katika mashamba yetu ya mahindi na kuingia Nzoia, na Nzoia huenda mpaka Ziwa Victoria. Upande mwingine mto Suam huanzia kwenye shimo la volkeno huko juu, huteremka kaskazini, hubadilika jina kuwa Turkwel, hupita katika bwawa la umeme na kuishia Ziwa Turkana. Ndugu zetu wanaonywesha ngamia kwenye jangwa la Turkana wanategemea mvua iliyonyesha juu ya vichwa vyetu.

Mto unapopungua sisi humlaumu jirani aliye juu yetu na pampu yake. Pengine ana kosa. Lakini ukishauona ule udongo kwa macho yako, siku utakaposikia msumeno wa mashine ukilia msituni usiku utajua ni nini kinachokatwa. Hutangoja kuhutubiwa na ofisa. Utapiga simu kwa chifu wewe mwenyewe.

Hilo ndilo jibu langu, mzee. Unalipa ili uone ghala lako. Mkulima hajui hali ya ghala kwa kulitazama paa.

Tukutane langoni saa moja asubuhi, na saa moja ni saa moja. Wenye maswali nipo hapa, na chai ipo.