VITA VYA 1914 VILITOKA WAPI, NA NANI ALIBEBA MZIGO?

(Hotuba kwa wanachama, Nakuru)

Ndugu wanachama,

Twasikia mara nyingi kwamba Vita Vikuu vya Kwanza vililetwa na risasi moja. Ni kweli kwamba tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimwua mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria. Lakini njiti moja ya kiberiti haiunguzi nyumba ikiwa kuni hazijapangwa. Leo tuzitazame kuni hizo, maana nyingine zilikuwa hapa kwetu.

Kwanza ni ugomvi wa kugawana nchi za watu. Mwaka 1884 na 1885 wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin kuwekeana masharti juu ya Afrika. Mwaka 1886 Mwingereza na Mdachi wakapiga mstari kutoka pwani mpaka Ziwa Victoria. Kila mmoja akajenga reli yake. Ya Mwingereza ilitoka Mombasa, ikapita hapa Nakuru, ikafika Kisumu mwaka 1901. Ya Mdachi ilitoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa kando ya reli yetu, Naivasha na Nakuru, ili masetla wapate mashamba.

Pili, wakubwa hao walishindana kuunda manowari na mizinga. Tatu, walifungamana kwa mapatano kama mabehewa: moja likitoka relini, mengine hufuata. Tarehe 28 Julai Austria ilitangaza vita juu ya Serbia. Tarehe 1 Agosti Mdachi akatangaza juu ya Urusi, na tarehe 3 juu ya Ufaransa. Alipoingia Ubelgiji tarehe 4, Mwingereza naye akaingia vitani. Hakuna mpagazi wala mchungaji wa Njoro aliyeulizwa shauri.

Mapatano ya Berlin yalikuwa na kifungu cha kuwezesha nchi zetu kuwekwa kando kama wakubwa wakipigana kwao. Hakikufuatwa. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza ilipiga mizinga Dar es Salaam, na tarehe 15 Wadachi wakaiteka Taveta. Vita vikawa vyetu.

Ndugu, sasa tufike jambo linalotuhusu zaidi sisi wenye chama. Mwaka 1912 vyama vya kisoshalisti vya wafanya kazi wa Ulaya vilikutana Basel, vikaahidi kuzuia vita. Jean Jaurès wa Ufaransa, aliyepigania amani, aliuawa tarehe 31 Julai 1914. Siku nne baadaye wabunge wa chama cha wafanya kazi wa Ujerumani walipiga kura ya kukubali fedha za vita, na wenzao wa Ufaransa wakafanya vivyo hivyo. Ahadi ilikuwa nzuri, lakini hofu ilipoingia kila mtu alikimbilia bendera ya bwana wake, na mfanya kazi akamwua mfanya kazi mwenziwe.

Na huku kwetu? Magari yalikuwa machache, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Basi mzigo ukawekwa kichwani pa mtu. Mwaka 1917 vijana walikusanywa kwa nguvu kwa maelfu. Hesabu ya Serikali yenyewe ilikubali kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam, wachukua jina lao.

Vita vilipokwisha, malipo yalikuwa haya. Mwaka 1919 askari wa Kizungu walianza kugawiwa mashamba, hata katika nchi ya Wanandi. Askari Mwafrika na mpagazi hawakupata. Sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika. Mwaka 1921 masetla wakapunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku aliposimama kuyapinga hayo, alikamatwa.

Twayasema haya kwa sababu sisi wa Nakuru twaujua moto huo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wakubwa waligombania kiti. Januari 2008, hapa Nakuru na kule Naivasha, watu waliofanya kazi pamoja na kukaa ploti moja waliulizana kabila, na damu ikamwagika. Tarehe 28 Februari wakubwa waliketi meza moja wakatia sahihi. Waliokufa hawakurudi, na waliofukuzwa walipoteza kazi na nyumba.

Kwa hiyo ahadi ya umoja katika mkutano haitoshi. Twataka kila mahali pa kazi tukubaliane mapema: uvumi ukija, wajumbe waite mkutano siku hiyo hiyo, karatasi ya chuki isipitishwe mkono kwa mkono, na mwanachama akitishwa kwa kabila lake, wenziwe wamsindikize kazini na nyumbani. Wazee wetu walibebeshwa mzigo wasioujua. Sisi tunaujua.

Umoja ni nguvu.