Wanawake wa Uturuki na suala la kushikana mkono kazini



Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaokwenda Istanbul kufunga mizigo ya nguo hurudi na habari nyingi. Watakuelezeni bei za jumla, mawakala wa mizigo, na baridi ya mwezi wa Januari. Mara chache atatokea mmoja wa kuwaelezeni habari za mwanamke aliyemkuta nyuma ya meza akipiga hesabu, au mhandisi wa kike aliyechora ramani ya jengo ambamo duka lile limo. Juma hili napenda tumzungumzie mwanamke huyo, yaani mwanamke wa Kituruki aliyesoma na mwenye taaluma yake, awe yuko kwao au yuko ng'ambo. Swali langu ni moja tu: anapotaka kupanda kazini, nani anamshika mkono?

Nitaanzia sebuleni. Waturuki wanayo desturi iitwayo "altın günü", maana yake siku ya dhahabu. Wanawake kumi hivi, majirani au jamaa, hukutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wao. Kila anayefika huja na sarafu ndogo ya dhahabu, ile waiitayo robo, akamkabidhi mwenye nyumba. Mwezi ujao ni zamu ya mwingine, mpaka wote wamepokea. Hapo katikati kuna chai katika vile vikombe vidogo vya kioo visivyo na mkono, kuna vitafunio vya unga na jibini, na kuna mazungumzo. Bila shaka mmekwisha kuitambua. Ni upatu huo, mchezo tunaoujua sisi, au chama kwa ndugu zetu wa Nairobi, ila badala ya noti zinatembea sarafu za dhahabu. Siku hizi dhahabu ilivyopanda bei, wako waliohamia kwenye dola na euro.

Wanaume wengi, wa kwao na wa kwetu, huucheka mkutano wa namna hii na kusema ni wa umbea. Mimi siucheki hata kidogo. Humo ndimo mwanamke asiye na akaunti ya benki alimopata mtaji wa cherehani, na humo ndimo alimojua ni daktari gani mzuri na ni mwalimu gani mkali. Lakini upatu una mpaka wake, na mpaka huo ndio kiini cha mazungumzo haya. Unawakutanisha watu walio sawa. Wote wanaishi mtaa mmoja, wote pochi zao zinalingana uzito, wote wanajua mambo yaleyale. Anayetaka kujua meneja wa benki anateuliwa kwa njia gani hatampata sebuleni humo mtu wa kumwambia.

Sasa tutazame sheria, maana wapo watakaodhani kwamba tatizo liko huko. Uturuki iliwahi mapema. Sheria ya madai ya mwaka 1926 ilipiga marufuku mitala. Mwaka 1930 wanawake walipata kura katika serikali za miji, na mwaka 1934 wakapata haki ya kuchagua na kuchaguliwa bungeni, miaka 10 kabla ya wanawake wa Ufaransa. Mwaka 1993 mwanamke mchumi, Tansu Çiller, alikuwa waziri mkuu. Hata hivyo katika sheria hiyohiyo ya 1926 kilikuwemo kifungu kilichomtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya kazi nje ya nyumba, na kifungu hicho kilidumu hadi Mahakama ya Katiba ilipokifuta mwaka 1990. Miaka mitatu tu, ndugu wasikilizaji, kabla ya huyo waziri mkuu!

Basi na tuseme sheria imenyooka. Je, ukishaingia ofisini? Kiko kisa mashuhuri cha Süreyya Ağaoğlu, mwanasheria wa kwanza wa kike wa nchi ile. Katika miaka ya 1920, akiwa binti mdogo aliyekwisha kuhitimu, alifanya kazi Ankara, mji mkuu mpya ambao bado ulikuwa na vumbi na mikahawa ya kuhesabika. Saa ya chakula ikifika, yeye na mwenzake walikwenda kula katika mkahawa ambao wabunge walikuwa wakila. Minong'ono ikaanza, kwamba mabinti wa watu wanakula hadharani kati ya wanaume. Maneno yakamfikia baba yake, ambaye naye alikuwa mbunge, naye akamkataza. Habari zikafika kwa Mustafa Kemal mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alimchukua kwa gari ili akale nyumbani kwake siku ile, akapita mbele ya mkahawa ule na kutangaza kwamba kesho binti huyu atakula hapa. Kesho yake wabunge wakaja na wake zao.

Kisa hiki husimuliwa kumsifu rais. Mimi nakitazama kwa jicho jingine. Yule binti alikuwa na shahada na alikuwa na kazi. Alichokosa ni kiti mezani saa ya mchana, mahali ambapo watu wanajuana, wanaulizana nafasi ipi iko wazi, na jina la fulani linatajwa. Na ili akipate ilibidi rais wa nchi aingilie kati. Binti ambaye baba yake hakuwa mbunge angefanyaje? Labda ndiyo maana mwaka 1949 Bibi Ağaoğlu alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wanawake waliosoma vyuo vikuu.

Waturuki wana neno "torpil". Asili yake ni kombora la manowari, lakini mtaani maana yake ni yule mtu wako mkubwa anayekupigia simu kazi ikapatikana. Sisi husema fulani ana mjomba. Na mjomba, kama jina lenyewe linavyoonyesha, ni mwanamume. Wanaume wana nyumba zao za kahawa, ambazo kwa desturi mwanamke haingii; wana rafiki wa jeshini, maana utumishi wa jeshi ni lazima kwa wanaume; wana timu zao za mpira. Kujuana kwao hakuna jina la kitaalamu kwa sababu kumekuwepo siku zote. Wanawake wakitaka kitu kilekile inawabidi wakiundie chama, katiba na ada.

Na wamekiunda. Mwaka 2002 kilianzishwa mjini Istanbul chama cha wanawake wenye biashara kiitwacho KAGİDER, ambacho huwapa mafunzo na ushauri wanaoanza, na mwaka 2008 kilifungua ofisi mjini Brussels ili sauti yao isikike Ulaya. Mwaka 2010 mama mmoja, Melek Pulatkonak, alianzisha mtandao uitwao TurkishWIN, unaowaunganisha wanawake wenye uhusiano wa kifamilia, wa kiutamaduni au wa kikazi na Uturuki, popote walipo duniani.

Faida ya mambo haya si hotuba wala picha za kupeana kadi. Faida iko katika maneno madogo ambayo hayaandikwi popote. Binti wa Gaziantep aliyemaliza uhandisi anajua hesabu zake barabara. Asichokijua ni kwamba katika usaili akiulizwa anataka mshahara gani asitaje wa chini; kwamba barua yake ya maombi inasomwa na mtu fulani anayechukia barua ndefu; kwamba mwaka wa kwanza asikubali kufanywa mtu wa kuandika kumbukumbu za vikao, maana hatatoka hapo. Mambo haya mtoto wa mkurugenzi huyasikia mezani kwao akiwa na miaka 12. Yule wa Gaziantep humwambia nani, kama si dada aliyekwisha kupita njia hiyo na sasa yuko Munich au California? Mturuki humwita mwanamke yeyote aliyemzidi umri kidogo "abla", yaani dada mkubwa, hata kama hawana udugu. Neno hilo tayari limebeba nusu ya kazi. Mwambao wetu nao una neno somo, yule mama anayemfunda mwari. Inasikitisha tu kwamba ufundi wa somo tumeuachia ndoa peke yake, kana kwamba ofisi haihitaji kufundwa.

Nimetaja Munich, na hapa inafaa tukae kidogo. Tarehe 30 Oktoba 1961 Ujerumani Magharibi na Uturuki zilitiliana saini mkataba wa kuajiri vibarua. Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiria wanaume wa migodini. Lakini viwanda vya redio, simu na taa viliwataka wanawake, kwa madai kwamba vidole vyao ni vyepesi, na maelfu walikwenda peke yao, wengine wakiwatangulia waume zao. Waliwekwa mabwenini. Mwandishi Emine Sevgi Özdamar, aliyepata tuzo kubwa ya fasihi ya Ujerumani, ile ya Georg Büchner, mwaka 2022, alianza huko mwaka 1965 akiwa mfanyakazi wa kiwandani Berlin. Katika mabweni kama hayo aliyetangulia kujua Kijerumani alikuwa mkalimani wa wote: kwa daktari, kwa msimamizi, posta. Hakuna aliyemlipa.

Mwezi Agosti 1973, katika kiwanda cha kabureta cha Pierburg mjini Neuss, wanawake wa kigeni, wakiwemo Waturuki, waligoma kwa sababu waliwekwa katika daraja la chini kabisa la mshahara, daraja la "kazi nyepesi". Polisi waliwapiga. Baada ya siku kadhaa mafundi wa Kijerumani nao wakaacha mashine zao wakajiunga nao, na daraja lile likafutwa, na ujira ukaongezwa. Wanawake wale walitoka Uturuki, Yugoslavia, Ugiriki, Hispania na Italia, na wengi hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza.

Watoto na wajukuu wa wahamiaji hao leo ni mawakili na madaktari. Jina linalotajwa zaidi ni la Özlem Türeci, daktari aliyezaliwa Ujerumani kwa wazazi wa Kituruki, mmoja wa walioanzisha kampuni ya BioNTech mwaka 2008, iliyotoa chanjo ya korona mwaka 2020. Nyumbani nako hutajwa Güler Sabancı, aliyekabidhiwa uenyekiti wa makampuni ya Sabancı mwaka 2004. Ni fahari, sikatai. Lakini tuwe wakweli: baba yake Türeci alikuwa daktari mpasuaji, na Bibi Sabancı ni mjukuu wa mwasisi wa makampuni hayo. Uwezo wao haubishaniwi. Ila hawakuwa na haja ya kutafuta abla wa kuwaonyesha mlango, kwani walizaliwa ndani ya nyumba. Mtandao unaojivunia majina kama hayo bado haujatuonyesha umemwingiza nani aliyekuwa nje.

Na wako waliowekwa nje makusudi. Kwa miaka mingi mwanamke mwenye kuvaa hijabu alikatazwa kusoma chuo kikuu au kufanya kazi serikalini akiwa amejifunika. Mwaka 1999 Merve Kavakçı, aliyechaguliwa kihalali kuwa mbunge, alizuiwa kula kiapo kwa sababu ya mtandio wake. Wapo mabinti waliokwenda Vienna na Marekani ili wasome. Vyuo vikuu vilifunguka karibu mwaka 2010, na ofisi za serikali mwaka 2013. Katika miaka hiyo wanawake hao walijenga kujuana kwao, pembeni, na wale wa Istanbul wasiojifunika walikuwa na kwao. Mpaka leo si jambo jepesi kwa dada wa upande mmoja kumpa wa upande wa pili namba ya simu ya mkurugenzi wake. Kwangu mimi hilo ndilo jeraha kubwa zaidi katika habari hii yote, kubwa kuliko ubishi wa wanaume, maana mlango wenye walinzi wawili wanaogombana haufunguki kwa mtu.

Tukitazama hesabu, mwaka 2023 takwimu za serikali zilionyesha kwamba wanawake waliokuwa katika soko la kazi Uturuki, wenye kazi na wanaoitafuta, walikuwa asilimia 35.8, na wanaume asilimia 71.2. Kwa waliosoma chuo kikuu hali ni nzuri zaidi, takriban theluthi mbili wamo. Kwa hiyo mitandao ya wenye taaluma inawahudumia wanawake ambao tayari wako karibu na mlango. Wanawake wengi wa nchi hiyo, wale wa sarafu ya robo na chai ya sebuleni, hawamo.

Wako waliolitambua hilo. Tangu mwaka 1986 upo mfuko uitwao KEDV, unaofanya kazi na wanawake wa vipato vya chini. Tetemeko la Agosti 1999 lilipoua maelfu ya watu mkoani Marmara, mfuko huo ulifungua vituo vya akina mama na watoto katika kambi za mahema. Kilichoanza kama mahali pa kumwacha mtoto kikawa mahali pa kuuliza: nani anagawa nyumba mpya, fomu iko wapi, na tukitaka kuuza tunachoshona tutaandikishwa vipi? Vyama vya ushirika vya wanawake vikafuata katika miji mbalimbali, vya kupika, kufuma na kutunza watoto. Ndani ya vyama hivyo mama ambaye hajawahi kuajiriwa hujikuta ni mweka hazina. Hana kadi ya kumpa mtu, lakini anajua ofisi ya kodi inafunguliwa saa ngapi na ni karani yupi anayesikiliza, na mwenzake wa chama kipya anapompigia simu, anamwambia.