Haki Hupotea Nyumbani Kabla ya Kufika Barazani



Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huhesabiwa kuwa wosia kwa wafanyabiashara, lakini inamfaa vilevile mwenye nyumba, mjane na majeruhi wa ajali. Haki nyingi hazipotei mbele ya hakimu. Hupotea nyumbani, siku mtu alipoacha kuandika, alipoacha kuuliza, au alipoacha siku zipite.

Na ichukuliwe familia moja kwa mfano. Mume na mke walinunua kiwanja, wakajenga nyumba, wakalea watoto. Mume akaugua, akafariki. Miaka miwili baadaye kijana mkubwa alibanwa na shida ya fedha, akamuuzia jirani nyumba ile ilhali mama yake anaishi humo. Mwaka huohuo binti wa familia aligongwa na gari kando ya barabara, akavunjika mguu. Hapo hapakuwa na mtu mwovu kupita kiasi. Palikuwa na mambo matatu ambayo hayakufanywa kwa wakati.

Jambo la kwanza ni karatasi za nyumba. Anayenunua kiwanja hana budi kuwa na mkataba wa maandishi unaotaja muuzaji, mnunuzi, bei, ukubwa na mipaka, na uliotiwa saini na mashahidi, hasa majirani wanaoijua mipaka hiyo. Ardhi ikiwa ya kijiji, kibali cha halmashauri ya kijiji ni sharti; kauli ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Kiwanja kikiwa kimepimwa na kusajiliwa, mnunuzi aanzie ofisi ya ardhi, ajue jina la mmiliki na kama kuna mkopo unaodaiwa juu yake.

Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Wala mke asiyekuwa na mshahara asidhani kwamba hakuchangia kitu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitambua kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, nao hupimwa mahakama inapogawa mali hiyo baada ya talaka.

Mgogoro wa ardhi ukizuka, mlango wa kwanza ni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha wahusika, hutoa uthibitisho ili mdai aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na siku 30 zikipita bila suluhu, mdai anaweza kwenda huko hata bila uthibitisho huo. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Anayemwona jirani akisogeza mpaka na kunyamaza kwa kuona haya, ajue kuwa sheria inahesabu miaka hiyo.

Jambo la pili ni mirathi. Yule kijana aliamini kuwa mtoto mkubwa ndiye mwenye kauli juu ya mali ya baba. Sivyo. Mali ya marehemu husimamiwa na aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo hupendekeza jina, lakini uteuzi ni wa mahakama. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu inaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, na familia huanza kwa kutafuta cheti cha kifo. Kwa kuwa kijana hakuteuliwa, hakuwa na mamlaka ya kuuza, na jirani aliyetoa fedha alijinunulia kesi.

Aliyeteuliwa naye si mrithi wa kila kitu. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, kisha atoe hesabu ya mgawanyo. Warithi wana haki ya kuiuliza mahakama kama hayo yamefanyika, na wakiona mali inafujwa, waiombe imwondoe. Aliye hai apunguze ugomvi mapema kwa kuandika wosia. RITA huuandaa na kuuhifadhi.

Jambo la tatu ni ajali. Dereva aliyemgonga yule binti alitoa fedha kidogo za dawa, akaomba mambo yaishe kindugu. Familia ikatia saini karatasi isemayo kuwa hawadaiani, nao hawakujua bado kama mguu ungepona. Karatasi ya namna hiyo inaweza kuletwa baadaye kuzuia madai yao. Ajali ya barabarani iripotiwe polisi, majeruhi apatiwe PF3, namba ya gari iandikwe, mashahidi watajwe, na kila stakabadhi ya hospitali itunzwe.

Tena, dereva akishtakiwa na kutozwa faini, fedha hiyo huenda serikalini, haiendi kwa majeruhi. Fidia hudaiwa kwa njia yake, na bima ya lazima ya gari ipo kwa ajili ya watu kama huyo binti. Mfumo wa TIRA huwezesha kuthibitisha kama gari lina bima, na mvutano na kampuni ya bima unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Anayeketi kusubiri kesi ya dereva iishe anaweza kuamka muda umekwisha. Aliyeumia akiwa kazini, yeye amtake mwajiri wake atoe taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili hajafungiwa mlango. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huelimisha, huelekeza taratibu na husaidia watu kupatana, ijapokuwa hawamwakilishi mtu mahakamani. Ofisi ya kata na maofisa maendeleo ya jamii waulizwe walipo.

Basi kila kaya iwe na bahasha moja: mkataba wa kiwanja, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na stakabadhi. Mke ajue ilipo, mume ajue ilipo, na mtoto mmoja mwenye busara aonyeshwe. Siku ya msiba au ya ajali, bahasha hiyo itasema kwa niaba ya wale ambao majonzi yamewafunga midomo.