Mizani Ina Muhuri, Mshauri Je?

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Ilala, Dar es Salaam



Tumeombwa tuzungumze juu ya chakula na haki. Wengi wetu tukisikia maneno haya mawili pamoja huwaza njaa, bei ya unga na mshahara usiotosha. Hayo ni mambo mazito, nayo yana siku yake. Leo tunapenda kugusa upande usiosemwa sana: haki ya mgonjwa na ya mzazi kujua kama yule anayemwambia "kula hiki, acha kile" ameisomea kazi hiyo, na wajibu wa Serikali wa kumthibitisha mtu huyo mbele ya watu.

1. Mizani na ulimi

Anayenunua maharage Kariakoo au Buguruni halazimiki kumwamini muuzaji kwa sura yake. Wakala wa Vipimo huikagua mizani ya biashara na kuipiga muhuri, na anayepunja kwa mizani mibovu anaweza kushtakiwa. Jambo hili si geni katika imani yetu. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia, moja zito na jingine jepesi. Nabii Amosi, sura ya 8, anawakemea wafanya biashara waliokuwa wakiipotosha mizani ili wawanyonye maskini. Kwa maana hiyo, mkono wa sheria juu ya mizani ni ulinzi wa mnyonge.

Lakini hatua chache kutoka kwenye mizani hiyo yenye muhuri, tunamkuta mtu mwenye meza, koti jeupe na kipaza sauti. Anauza unga na vidonge, na pamoja navyo anatoa maneno: kwamba mwenye kisukari aache sindano na kunywa uji wake, kwamba mwenye figo atumie juisi fulani, kwamba mtoto wa miezi mitatu apewe unga wa lishe ili anenepe. Kilo ya maharage imepimwa, lakini neno ambalo juu yake uhai wa mtu utategemea halikupimwa na yeyote. Anayepunjwa robo kilo atarudi kesho kudai. Lakini mgonjwa ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiiacha sindano kwa siku chache tu, anaweza kufa. Mwenye figo zilizochoka anaweza kudhurika hata kwa matunda ambayo kwa mtu mzima ni baraka, kwa sababu mwili wake hauwezi kuitoa potasiamu iliyomo. Na mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji uji wa aina yoyote. Maziwa ya mama yanamtosha.

2. Karatasi zilizo ukutani

Ndugu zangu, watu wetu si wajinga. Wengi huuliza, "Je, una kibali?" Tatizo ni kwamba wanaonyeshwa karatasi, nao hawakufundishwa kuzitofautisha. Basi tuzitofautishe.

Kwanza, leseni ya biashara. Hii hutolewa chini ya sheria ya mwaka 1972, nayo inamruhusu mtu kufanya biashara mahali fulani. Haisemi lolote juu ya elimu yake ya mwili wa binadamu.

Pili, alama ya ubora wa bidhaa. Tangu tarehe 1 Julai 2019, usimamizi wa usalama wa chakula ulitolewa katika Mamlaka ya Chakula na Dawa, ukahamishiwa Shirika la Viwango, yaani TBS. Alama ya TBS juu ya mfuko wa unga inahusu unga huo. Ni alama ya maana sana, kwa sababu karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huweza kuwa na sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hata hivyo, alama iliyo juu ya mfuko haiuthibitishi ulimi wa anayeuuza.

Tatu, usajili wa tiba asili na tiba mbadala, ambao una sheria yake ya mwaka 2002 na Baraza lake. Mganga aliyesajiliwa humo anatambuliwa kwa kazi hiyo. Hakuwa mtaalamu wa lishe kwa sababu hiyo tu.

Wenzetu wa fani nyingine za afya wanajulikana kwa sheria zao. Wauguzi na wakunga wana sheria ya mwaka 2010, wafamasia ya mwaka 2011, madaktari na wenzao ya mwaka 2017. Kila Baraza lina daftari la majina, na aliyekosa huweza kufutwa. Upande wa lishe, Tanzania ilianza mapema. Bunge lilitunga sheria mwaka 1973 na kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe, ambayo kwa miaka mingi imekuwa hapa hapa Ilala, ufukweni, katika barabara iliyoitwa Ocean Road na sasa inaitwa Barack Obama. Kazi iliyopewa Taasisi hiyo ni utafiti, mafunzo, mipango na ushauri kwa Serikali. Ni kazi njema, nayo imezaa matunda. Watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa asilimia 42 mwaka 2010, asilimia 34 mwaka 2015/16, na asilimia 30 mwaka 2022. Lakini sheria ile ya 1973 haikutungwa ili kumpa leseni mshauri mmoja mmoja na kumfutia akikosa.

3. Jirani zetu wa Kenya

Kenya walilitazama jambo hili wakatunga sheria ya wataalamu wa lishe, Sheria namba 18 ya mwaka 2007. Sheria hiyo iliunda taasisi yenye daftari la wataalamu, inayosimamia mafunzo yao, kuwasajili na kuwapa leseni. Faida yake kwa mtu wa kawaida inaeleweka kirahisi: jina la "mtaalamu wa lishe" likawa na mwenyewe. Mgonjwa anaweza kuuliza kama fulani yumo katika daftari, na aliyeumizwa anajua mlango wa kubisha.

Tunaona kwamba mfano huu unafaa kuombewa nafasi katika mijadala ya nchi yetu. Vijana wetu husomea lishe ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Halmashauri zina maafisa lishe. Hospitali kubwa zina wanaopanga chakula cha wagonjwa. Kijana aliyesoma miaka mitatu hatendewi haki akilinganishwa na mtu aliyenunua koti jeupe Mtaa wa Kongo. Na mgonjwa hatendewi haki akiachwa peke yake kuchagua kati yao. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maneno hayo ni ya huruma, lakini yanatukumbusha pia kwamba mgonjwa hana nguvu ya kubishana. Anapokea anachopewa. Ndiyo maana anayempa anapaswa kuchunguzwa.

4. Leseni isigeuke ukuta

Hata hivyo, Haki na Amani haitazami upande mmoja tu. Leseni ni upanga wenye makali mawili. Yaweza kumlinda mnyonge, na yaweza pia kuwa uzio wa wachache kulinda kipato chao na kuwanyamazisha wengine.

Tuchukue mfano wa mbali, Marekani, ambako majimbo mengi yana sheria za namna hii. Mwaka 2012, katika jimbo la North Carolina, bodi ya wataalamu wa lishe ilimwonya mtu mmoja mwenye kisukari aliyekuwa akiandika jinsi alivyopunguza vyakula vya wanga na kuwashauri wenzake wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa na leseni. Alikwenda mahakamani, mwaka 2013 mahakama ya rufani ikasema malalamiko yake yasikilizwe, na mwaka 2015 shauri likaisha baada ya bodi kurekebisha miongozo yake. Katika jimbo la Florida, mwaka 2017, mwanamke mmoja alitozwa faini kwa kutoa ushauri wa lishe kwa malipo bila leseni. Mwaka 2022 mahakama ya rufani ilisema sheria iliyomtia hatiani haikuvunja uhuru wake wa kusema. Lakini mwaka 2020 Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kuilegeza sheria hiyo. Asiye na leseni aliruhusiwa kushauri, mradi asijiite mtaalamu mwenye leseni, na asishughulikie mgonjwa aliye chini ya daktari kwa ugonjwa unaohitaji mpango wa lishe.

Wametumia miaka na fedha nyingi kufika hapo, nasi tunaweza kujifunza bila gharama hiyo. Kwetu hatari ya uzio ni kubwa zaidi, kwa kuwa wataalamu ni wachache na maskini ni wengi. Tukumbuke kazi iliyofanyika mkoani Iringa kuanzia mwaka 1983, Serikali ikishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Katika vijiji 168, wanakijiji wenyewe waliwapima watoto uzito, wakakaa pamoja kuuliza kwa nini fulani amepungua, wakaamua la kufanya. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Waliofanya kazi ile wengi hawakuwa na shahada. Sheria ambayo ingewazuia ingekuwa sheria mbaya, hata kama ingeandikwa kwa jina la usalama.

Mafundisho ya Kanisa yanatupa kipimo. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, anahesabu chakula na huduma za afya kati ya haki za binadamu. Hivyo Serikali haiwezi kujitoa katika jambo hili. Na Papa Pius XI, katika Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifundisha kanuni ya auni, yaani kwamba jambo linaloweza kufanywa vema na jumuiya ndogo, mkubwa asilinyang'anye. Tukiziweka kanuni hizi mbili pamoja, msimamo tunaoupendekeza ni huu: muhuri wa Serikali uwekwe juu ya jina la mtaalamu na juu ya tiba ya mgonjwa kwa njia ya chakula, usiwekwe juu ya mdomo wa jirani. Bibi anayemfundisha mjukuu kupika mchicha pasipo kuuharibu, mama lishe anayepunguza chumvi katika mchuzi wake, mama wa WAWATA anayemhimiza mzazi kijana anyonyeshe, hao wasiombwe leseni. Anayempangia chakula mwenye kisukari, figo, saratani au mtoto mwenye utapiamlo mkali, na kumtoza fedha, huyo aonyeshe daftari lenye jina lake.

5. Wajibu wetu wakati huu

Sheria huchukua muda, na wagonjwa hawangoji. Nabii Danieli na wenzake, katika sura ya kwanza ya kitabu chake, walipoomba wale mboga na kunywa maji badala ya chakula cha mfalme, hawakudai waaminiwe tu. Waliomba wajaribiwe kwa siku kumi, kisha wakaguliwe nyuso zao mbele ya wengine. Mwenye neno la kweli haogopi kupimwa. Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa jumuiya mfanye haya:

(a) Mgonjwa akipewa ushauri wa chakula, aulizeni kwa heshima: umesoma wapi, umesajiliwa na nani, kwa kazi ipi? Anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kujibu.

(b) Asiwepo mtu wa kuacha dawa ya hospitali kwa neno la muuza chakula, bila kumwona aliyemwandikia dawa hiyo. Hata mwenye kisukari anayefunga anahitaji ushauri wa daktari kwanza.

(c) Jueni ofisi ya afisa lishe wa Halmashauri ya Jiji, na mmwalike katika jumuiya. Mshahara wake unatokana na kodi zetu.

(d) Msitoe nafasi ya matangazo baada ya Misa kwa wauzaji wa vyakula vya kuponya. Waumini huona kila kinachosemwa kanisani kimebarikiwa na Kanisa.

(e) Wabunge na madiwani wanapokuja kuomba kura, waulizeni msimamo wao juu ya daftari la wataalamu wa lishe.

Ndugu wapendwa, mfa maji haishi kutapatapa, na aliyeugua muda mrefu hushika kila tawi. Tusimcheke wala tusimlaumu. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba tawi analolishika halikuwekwa pale na mtu anayejua kuwa limeoza.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni nani wanaotoa ushauri wa chakula kwa wagonjwa? Tunajua nini juu ya elimu yao?
2. Tunawezaje kumsaidia mgonjwa kutofautisha leseni ya biashara, alama ya ubora na usajili wa mtaalamu?
3. Kama sheria ingetungwa, ni kazi zipi za lishe katika jumuiya yetu tusingependa zifungwe?

Mungu awabariki.